Fimbo Yenye Ncha Laini

Wairimu mwanangu,

Leo ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Wewe na mama yako mmeshuka Deira kutafuta koti zito katika mji usiojua baridi, nami nimebaki peke yangu hapa nyumbani Al Qusais. Nimefuta meza, nimezima redio, nimekaa. Kesho alfajiri tunakupeleka uwanja wa ndege. Sitakuandikia juu ya pasipoti, wala juu ya kupiga simu ukifika, wala kwamba ule vizuri. Hayo mama yako ameyasema kwa simu wiki nzima, kisha alipokuja akayaandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako. Mimi nina mambo mawili tu. La kwanza ni ile fimbo ya kuvulia uliyoniomba nikuchagulie. La pili ni jambo nililokutendea mwaka juzi, ambalo hulijui. Naanza na fimbo kwa sababu nikianza na lile la pili huenda usiifikie fimbo kabisa. Halafu, kusema kweli, sijui namna ya kusimulia la pili bila kupitia la kwanza.

Fimbo iko nyuma ya mlango wa chumba changu, ndani ya bomba jeupe la plastiki, kama yale mafundi wa maji wanayotumia. Nimelikata kwa kipimo na kuziba pande zote mbili, usije mzigo mzito ukaivunja huko chini ya ndege. Ina vipande viwili. Ukiviunganisha inakuwa futi nane na nusu. Imetengenezwa kwa faiba, na kaboni kidogo tu upande wa kitako. Pete zake nimezifunga mwenyewe kwa uzi wa rangi ya damu ya mzee, na mpini nimeurefusha ili ukae vizuri kwenye kishikio cha boti. Ukiitikisa utaona ncha inainama kama bua la mtama lililobeba suke. Mtu wa duka lolote la kisasa akiiona atakwambia hiyo ni fimbo ya kizamani. Mwache aseme. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo, na ndipo nilipokosea.

Unajua nilikuja mji huu wa Waarabu kuwa mlinzi. Miaka minne nilikaa langoni kwenye ghala la vifaa vya uvuvi, si mbali na hapa tunapoishi. Siku moja arbab, mwenye ghala, alinikuta kwenye kiti changu nikifunga upya pete ya fimbo iliyokuwa imetupwa. Akasimama kunitazama.

"Nani amekufundisha?" akauliza.

"Hakuna, sir. Nimefungua moja nikaona ilivyofungwa."

Mwezi uliofuata nikawa dukani kwake Deira, kwenye kaunta ya nyuma, fundi wa fimbo. Nilijifunza haraka, na kujifunza haraka kuna ubaya wake. Mtu hudhani amemaliza. Wateja walikuwa wakiniita kutoka mbele waniulize, nami najibu bila kusita, na kadiri nilivyojibu bila kusita ndivyo walivyozidi kuniamini. Sikuwa naongopa. Nilikuwa tu nimezoea kusikiliza sauti yangu mwenyewe.

Bwana Les alikuja dukani wakati wewe una miaka kumi na miwili. Unamkumbuka: mzee mrefu, Mkanada, mhandisi wa ndege, akiishi peke yake Mirdif katika nyumba ya vyumba vitano. Alikuwa anarudi kwao likizo ya mwezi mmoja na alitaka fimbo ya kuvulia mtoni. Kwao, alisema, kuna samaki wanaotoka baharini na kupanda mito kwenda kutaga. Mmoja ni samoni. Mwingine wanamwita stilihedi, naye ni trauti yuleyule wa mito baridi ya kwetu Nyandarua, ila huyo amekwenda baharini, amekulia huko, amerudi na ngozi ya fedha na nguvu za ndama. Nilicheka niliposikia. Nimelelewa kando ya mto wenye trauti na sikuwahi kuwaza kwamba ana ndugu waliosafiri.

Akanieleza wanavyowavua. Nakuandikia kama alivyoniambia, ingawa najua unajua kuliko mimi, kwa sababu ni hapo nilipopotea. Mpiga makasia anatazama upande mto unakoshuka, na anavuta makasia kinyume na mkondo, si ili apande bali ili achelewe. Boti inashuka polepole kuliko maji. Fimbo zimesimikwa mbele kwenye vishikio, hakuna mtu aliyezishika. Mshipi wa kila moja umetangulia hatua kama ishirini, na mwisho wake kuna chambo bandia, samaki wa plastiki mwenye tumbo nene. Maji yakimpiga anazama, anatikisika, anashuka kinyumenyume mpaka pale samaki wa kweli amelala. Samaki anaona kitu kinamsogelea nyumbani kwake. Kinasogea tena. Mwisho anachoka kuvumilia, anakiuma.

"Kwa hiyo nataka iliyo laini," Bwana Les alisema. "Ncha laini sana, kitako chenye nguvu."

"Sir, hizo ni za zamani," nikamwambia. "Chukua hii. Kaboni tupu. Samaki akigusa tu, mkono unajua."

"Fimbo haitakuwa mkononi. Itakuwa kwenye kishikio."

"Hata kwenye kishikio, sir. Hii ni kali, haikosi."

Akaichukua. Aliichukua kwa sababu nilizungumza kama mtu anayejua, mimi ambaye sijawahi kuuona mto wake wala boti yake. Yeye aliyevua huko tangu utoto alinyamaza mbele ya mtu wa kaunta. Mara nyingi nimewaza jambo hilo. Kumbe mtu anaweza kuacha anachokijua kwa sababu tu mwingine amesema kwa sauti isiyotetereka.

Mwezi ukapita, akarudi. Aliiweka fimbo juu ya kaunta taratibu, bila hasira.

"Kumi na mmoja waligonga," akasema. "Nimepata wangapi, unadhani?"

"Watano?"

"Hakuna."

Shule zilikuwa zimefungwa, na wewe ulikuwa umekaa kwenye maboksi nyuma ya kaunta ukichora. Bwana Les akaomba toroli ya mizigo, akaisimamisha kwenye ujia katikati ya rafu, akasimika ile fimbo kali kwenye mpini wake. Akachukua chambo, akazifunika ndoana zake kwa utepe, akakuita. "Wewe ni samaki," akakwambia. "Kishike kwa vidole viwili tu, kama unaonja. Halafu geuka uondoke." Ukashika, ukageuka. Chambo kikaruka kutoka vidoleni kabla hujapiga hatua. Mkarudia, kikaruka tena. Ncha ilikuwa ngumu mno, ilikukataa ulipogusa tu.

Kisha akachukua fimbo kuukuu ya faiba iliyokuwa imeletwa kutengenezwa. Ukashika kwa vidole viwili, ukageuka, ncha ikakufuata. Ukapiga hatua ya pili, ya tatu, fimbo inazidi kuinama, na kwa kuwa hakuna kitu kilichokuzuia ghafla, ulifunga ngumi yote juu ya chambo bila hata kujua. "Sasa," Bwana Les akasema, "sasa huyu ameshakamatika mwenyewe. Macharia, njoo."

Zamu yangu ilikuwa kuinua fimbo. Aliniambia nisubiri mpaka iiname hadi chini kabisa na ibaki hapohapo. Nikasema ndiyo, nimeelewa. Ukageuka, ncha ikacheza, nikaikamata. Chambo kikachomoka. Tukarudia, nikaikamata tena mapema. Mara ya tatu ulisimama, ukanitazama, ukasema, "Umeninyang'anya, Baba." Wahindi wa kaunta ya mbele wakacheka. Bwana Les hakucheka. Aliniambia nitie mikono mfukoni, na nisiitoe mpaka aseme. Nilisimama pale mikono mfukoni, mtu mzima, naangalia fimbo inainama mbele yangu, na moyo unanidunda kwa ajili ya kipande cha plastiki na mtoto wangu anayecheza samaki. Kungoja vile kulikuwa kazi ngumu kuliko kulinda lango usiku kucha.

Basi hicho ndicho nilichokuchagulia, Mami. Samaki akigonga mara ya kwanza bado hajaamua. Fimbo ngumu inamlazimisha aamue papo hapo, naye anaamua kuondoka. Fimbo laini inampa nafasi. Usiichukue kwenye kishikio kwa sababu umeona ncha imetikisika. Hiyo itatikisika siku nzima, ndiyo kazi yake, inakuonyesha kama chambo kinaogelea sawasawa. Ikitulia ghafla ujue jani limenasa, vuta ulitoe. Ikiinama na kurudi, ngoja. Ikiinama isirudi, hapo ndipo inua. Samoni mkubwa atakujaribu zaidi, na ndiyo maana nimekuchagulia yenye kaboni kitakoni, nyuma ya ulaini wote ule kuna mahali pa kushindana naye. Tumia mshipi wa nailoni wa kawaida, usikubali ule wa kusuka wanaousifu. Ule hauvutiki hata kidogo, na utaharibu kila kitu ambacho ncha imefanya.

Nimemaliza ya fimbo, karibu yote. Sasa hili lingine.

Mwaka juzi, ulipoomba kile chuo cha ufugaji wa samaki huko Kanada, simu yako ilikuwa imekufa kioo. Ulikuwa mapokezi pale hotelini Deira, zamu ya jioni, na kwenye fomu ukaandika namba yangu. Ulinieleza, nikasema sawa. Jioni moja, duka limejaa, simu ikaita namba ndefu. Nikatoka nayo mpaka nyuma kwenye ngazi. Mwanamke akaomba kuzungumza na Wairimu.

"Yuko kazini," nikasema. "Mimi ni baba yake."

"Mwambie nafasi yake ipo," akasema. "Lakini tunahitaji jibu kabla ya Ijumaa. Bado anakuja?"

"Hapana," nikasema. "Amebadili mawazo."

Akauliza tena: "Una hakika, sir?"

"Ndiyo. Khalas, imekwisha."

Akashukuru, akakata. Nikarudi kwenye kaunta nikamalizia pete niliyokuwa naifunga.

Umesoma sawasawa, mwanangu. Hukukosa nafasi. Ulipewa, na mimi ndiye niliyeikataa.

Ningependa kukwambia kwamba mdomo ulijibu wenyewe, na kwa dakika ile pengine ni kweli. Lakini ile ilikuwa Jumanne. Nilikuwa na Jumatano na Alhamisi. Namba ilikuwa kwenye simu yangu, niliitazama asubuhi, niliitazama nikila. Alhamisi jioni ulinikuta nimekaa nayo mkononi, ukaniuliza kama kuna habari kutoka nyumbani, nikasema hapana. Kwa hiyo usinisaidie kwa kusema nilishtuka tu. Nilikuwa na muda wa kutosha kurekebisha, nikauacha upite.

Wiki mbili baadaye barua pepe ikaja, mistari mitatu, kwamba nafasi imepewa mwingine. Ulinionyesha. Kisha ukaingia bafuni ukafungua bomba la maji, ukakaa humo muda mrefu. Nilisimama nje ya mlango. Ulipotoka ulikuwa umenawa uso, ukaniuliza, "Baba, Kiingereza changu ni kibaya?"

Nikakwambia, "La, Mami. Dunia ndivyo ilivyo."

Ukaenda kujiandikisha masomo ya jioni. Mwaka mzima, siku zako za mapumziko, ulipanda metro kwenda kujifunza Kiingereza unachokijua. Nilikuwa nakupokea kituoni, na tukitembea kuja nyumbani unanisomea sentensi za mazoezi, unaniuliza kama zimekaa sawa. Nilikuwa najibu zimekaa sawa. Nimeyafikiria mengi kuhusu kosa langu, lakini hilo ndilo linaloniamsha. Si ile simu. Ni wewe kutembea kando yangu na daftari, ukitafuta kasoro ambayo haikuwa yako.

Utataka kujua kwa nini. Nitakueleza, ila usichukulie kama utetezi. Ulipofika hapa ulikuwa na miaka tisa. Mimi niliondoka nyumbani hujaanza kutambaa, na mama yako akafuata mwaka wa pili. Ukalelewa na cucu wako, mama yangu, ambaye unabeba jina lake na ndiyo maana hadi leo nakuita Mami. Siku ile uwanja wa ndege ulitoka na mhudumu amekushika mkono, una sweta ya shule na mkoba mdogo. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kitu cha kusema. Ulinipa mkono wa heshima, ukaangalia viatu vyangu, ukasema, "Shikamoo, Uncle." Ulikuwa umefundishwa adabu vizuri. Hukuwa na kosa lolote. Mama yako alilia palepale. Mimi nilibeba mkoba.

Ilichukua miezi mingi kabla hujaniita Baba. Naijua siku yenyewe, ilikuwa kwenye duka la mikate, uliniita kutoka upande wa pili kunionyesha kitu, na wala hukutambua umesema nini. Tangu siku ile nilikuwa nahesabu miaka niliyo nayo na wewe, nikiilinganisha na ile niliyoikosa. Mwanamke yule aliponiuliza kama bado unakuja, nilisikia tu kwamba hesabu yangu haijatimia. Nilijiambia, bado sijamaliza kumwona. Hivyo ndivyo nilivyojiambia siku zote tatu. Sikujiuliza wewe umekuwa ukingoja nini.

Na jambo la kuchekesha, kama linachekesha, ni kwamba mito hiyo ni mimi niliyekuletea. Bwana Les alipokuwa akija dukani kila Alhamisi kunywa chai na kukuchorea ramani za mito yake, mimi ndiye niliyemvutia kiti. Nilifurahi mtoto wangu anazungumza na mhandisi. Nilidhani ni hadithi tu, kama watoto wengine wanavyopenda dinosaria. Alipostaafu akarudi kwao, mkaanza kuandikiana, nikawa nakununulia mpaka stempu. Hakuna aliyekudanganya wala kukuvuta. Ulikuwa unakisogelea kitu hicho miaka minane, pole pole, mbele ya macho yangu.

Safari hii uliomba tena bila kuniambia. Uliandika namba yako mwenyewe. Sijui kama ulihisi kitu au simu yako ilikuwa nzima tu, na sitakuuliza. Nakumbuka ulivyoingia dukani mchana ule na sare ya hoteli. Ulinifungulia pasipoti juu ya kaunta, kwenye ukurasa wa viza, ukauzungusha unielekee.

"Baba," ukasema, "nichagulie fimbo. Ya kukokota chambo mtoni."

Ukaongeza kwamba Bwana Les hawezi tena kupiga makasia, bega limekataa, kwa hiyo wikendi wewe ndiye utakayepiga na yeye atakaa mbele. Nilitaka kusema hongera. Nilisema, "Ya samoni au ya stilihedi?" Ukasema zote mbili. Nikakwambia hiyo si rahisi, ukatabasamu, ukarudi kazini.

Kwa wiki tatu nilikaa baada ya kazi kwenye kaunta ya nyuma. Nilijaribu fimbo kumi na kitu. Nilikuwa nafunga chupa ya maji mwisho wa mshipi, naisimika fimbo kwenye toroli, naivuta chupa chini polepole na kuangalia mahali fimbo inapoanza kuinama. Nyingi zilianza kuinama katikati, baada ya ncha kukataa. Nyingine zililegea mpaka kitakoni, samoni angeondoka nazo. Arbab alipita akaniona, akaniambia nichukue yoyote rafuni iwe zawadi yake kwako, yalla, nimalize niende nyumbani. Nikamshukuru. Zote za rafuni zilikuwa nzuri kwa kazi nyingine. Mwisho nikapata ghalani huu ufito wa faiba usio na pete wala mpini, umekaa miaka kwa sababu hakuna anayeutaka. Nikauvuta, ukainama kuanzia mwanzo kabisa, ukaendelea kuinama bila kugoma popote, na ulipofika kitakoni ukasimama imara. Nikaurudia labda mara ishirini. Nililia kidogo pale ghalani. Hakukuwa na mtu.

Jumapili iliyopita, mama yako alipokuja kutoka Mirdif kwa madam wake, anakofanya kazi za ndani na kulala hukohuko, nilimweleza yote. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuacha kuchambua. Alimaliza sinia nzima, akatikisa mikono.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima anasomea Kiingereza."

"Najua."

"Utamwambia kabla hajaondoka. Si kwa simu. Si akiwa huko."

"Atanichukia, Mama Wairimu."

"Achukie," akasema. "Lakini achukie hapa, chakula kikiwa tayari."

Kisha hakuzungumza nami mpaka alipopanda teksi kurudi kazini. Hadi leo anazungumza nami kwa mambo ya lazima tu, na hilo ni lake na langu, usilibebe.

Nilikuwa nimepanga kuandika barua hii na kuifunga ndani ya lile bomba, uikute huko mtoni utakapofungua fimbo. Nilijiona mwerevu. Mama yako angeniuliza swali moja tu na mpango ule ungeanguka: kwa nini nikwambie mahali ambapo huwezi kunijibu? Ningekuwa nimekuamulia tena, lini ujue, wapi ukasirike, na nani awe karibu. Kwa hiyo nitakupa mkononi mkirudi, mchana kweupe, na una siku nzima.

Sikuombi unisamehe leo. Pengine hutaweza kabla ya kesho, pengine hata mwakani. Sikupi ushauri wa namna ya kulichukua. Nimeishi miaka mingi nikiwapa watu majibu bila kusita, na nimeona yalivyowafikisha. Ninachokuomba ni kimoja. Ukifika huko, na mtu yeyote, awe mwalimu, awe mwajiri, awe mume siku moja, akakujibia jambo lako kwa sauti ya mtu anayejua, hata akiwa anakupenda, mrudie mwenye swali umjibu mwenyewe. Kiingereza unacho. Ulikuwa nacho tangu mwanzo.

Ukimaliza kusoma, nipo hapa sebuleni, sitatoka. Ukitaka kuniuliza, nitajibu kila kitu, na nisichokijua nitasema sikijui. Ukitaka kunipigia kelele, piga, majirani wametusikia kwa mambo madogo kuliko hili. Na kama hutaki kuniona kabisa, hilo nalo ni haki yako. Nimeazima gari la duka. Kesho nitaendesha tu. Wewe na mama yako kaeni nyuma pamoja, zungumzeni yenu kwa sauti mnayotaka, nami nitabeba masanduku hadi pale wasiosafiri wanapozuiwa, niyaweke chini, nisubiri uniambie.

Baba yako,
Macharia